Intaneti Nayo Ipimwe kwa Mizani

Mtu aliyezaliwa katika nchi ya chai, kuanzia Kericho mjini ukipitia Litein na Kapkatet mpaka Mogogosiek na Kapkoros upande wa Bomet, huijua mizani kabla hajaijua alfabeti. Mimi niliijua nikiwa na miaka sita. Mama alipomaliza kuchuma, kwa kanuni ile ile isiyobadilika ya majani mawili na chipukizi, tulishika njia ya kituo cha kukusanyia majani, yeye na gunia mgongoni, mimi nyuma yake na kikapu kidogo. Kituoni palikuwa na kibanda cha mabati, ndoana ya chuma, na mizani yenye uso kama wa saa ya ukutani. Karani alilitundika gunia, mshale ukacheza, na watu wote wakanyamaza mpaka ulipotulia. Kisha akasoma kwa sauti, akapunguza uzito wa gunia, akaandika katika kadi. Mama hakusoma maneno, lakini tarakimu alizijua. Siku moja karani aliandika kumi na tano ilhali mshale ulikuwa umetua kwenye kumi na saba. Mama alisimama mbele ya mizani akakataa kuondoka, foleni nzima ikamngoja, mpaka gunia lilipotundikwa upya.

Siku hizi mizani ni ya kielektroniki na mkulima hupewa risiti. Mabishano hayajaisha. Wakulima wangali wanalalamikia uzito unaopunguzwa kwa ajili ya gunia, lori linalochelewa mpaka majani yakaungua kwa joto lake lenyewe, na bonasi ambayo kila ifikapo Oktoba huwagawanya watu katika makundi ya wanaonung'unika kimoyomoyo na wanaonung'unika kwa sauti. Hata hivyo, jambo moja halibishaniwi na yeyote: mkulima hulipwa kwa kilo zilizopimwa mbele ya macho yake. Hakuna kiwanda kilichothubutu kumwambia kwamba leo ameleta majani ya hadi kilo ishirini.

Nayasema haya kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mnunuzi wa bidhaa isiyopimwa. Bidhaa hiyo ni intaneti ya nyumbani.

Nilifungiwa huduma hiyo katikati ya mwaka 2020. Vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, nasi wahadhiri tukaambiwa tufundishe kupitia mtandao, kana kwamba mtandao ni ubao ambao kila mtu anao ukutani. Nyumba yangu imejengwa mgongoni mwa kilima, karibu na mpaka wa kaunti hizi mbili, chai mbele na chai nyuma. Wakati huo hata angani palikuwa na jitihada za kutufikia. Julai 2020, kampuni ya Loon ya Marekani, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutumia maputo yapatayo 35 yaliyoelea kiasi cha kilomita 20 juu ya ardhi yakisambaza mawimbi ya intaneti ya simu, na Kericho na Bomet zilitajwa miongoni mwa sehemu zitakazofaidi. Jirani zangu walitazama juu kwa siku kadhaa wasione kitu. Januari 2021 wenye mradi wakatangaza kwamba wanaufunga, kwa kuwa hawakupata njia ya kupunguza gharama kiasi cha kuufanya uwe biashara. Baadhi ya watu huku hawajaamini mpaka leo kwamba maputo hayo yalikuwapo.

Mimi sikuyangoja. Kampuni moja, ambayo sitaitaja jina kwa maana nia yangu si kumchongea mtu bali kulijadili jambo, iliwatuma vijana wawili kwa pikipiki. Walipanda juu ya paa, wakafunga dishi dogo jeupe, wakalielekeza kwenye mnara ulio kilima cha pili, wakavuta waya mpaka sebuleni, wakaiweka ruta juu ya kabati la vyombo. Kabla hawajaondoka nilitia sahihi mkataba ulioeleza kwamba ninanunua intaneti bila kikomo, ya kasi ya hadi megabiti 10 kwa sekunde.

Kazi yangu ni kufundisha isimu. Nimewasahihishia vijana wa watu sentensi zisizohesabika, lakini hiyo ya mkataba niliipita kama mtu aliyefumba macho. Neno hadi lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mpaka, ukomo. Basi nilikuwa nimeahidiwa, katika sentensi moja, kitu kisicho na kikomo chenye kikomo. Aidha, hadi hutaja dari bila kuitaja sakafu. Nusu megabiti imo ndani ya hadi kumi. Sifuri nayo imo. Kampuni inayonipa nusu megabiti saa mbili za usiku, wakati nyumba zote za mtaa zimeketi mbele ya vioo, haijavunja hata neno moja la ahadi yake. Na kuna ujanja mwingine mdogo, wa herufi: megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti nane, na katika maandishi tofauti yake ni herufi b ndogo na B kubwa. Faili ya megabaiti 10 haipiti kwa sekunde moja katika mfereji wa megabiti 10, bali kwa sekunde nane, na hiyo ni siku ambayo mambo yote yamekwenda sawa. Ni wanunuzi wangapi walioelezwa hayo na wale vijana wa pikipiki? Mimi sikuelezwa.

Maudhi ya kila siku sitayasimulia yote. Mhadhara unaokoma mdomoni, wanafunzi wakibaki kuitazama sura yangu iliyoganda. Mkutano wa idara ambao mimi huhudhuria kwa sikio moja. Tasnifu ya mwanafunzi ninayoipokea kipande kipande kama habari za msiba. Hayo mtu huyazoea, na kuyazoea ni sehemu ya kosa letu. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine, na lilitokea mwaka 2024.

Jirani yangu ni mama mzee ambaye sote humwita Kogo, yaani nyanya. Anamlea mjukuu wake wa kike tangu mwanawe, babake binti huyo, alipofariki. Mama wa binti ni kibarua wa kuchuma chai katika shamba la kampuni mbali na hapa, naye hutuma anachoweza. Kogo ana michai yake michache anayoichuma mwenyewe, na ng'ombe wawili. Binti alifanya mtihani wake vizuri akapata nafasi chuo kikuu. Sasa, tangu mwaka 2023 serikali ilipoubadilisha utaratibu wa kuwafadhili wanafunzi, kila anayehitaji msaada hana budi kujaza maombi mtandaoni na kueleza hali ya kwao, kisha hupangwa katika kundi kulingana na uhitaji wake. Kundi ndilo linaloamua serikali itatoa kiasi gani na jamaa watatafuta kiasi gani. Mtoto wa yatima na mtoto wa mwenye kiwanda hutenganishwa na vielelezo vinavyopakiwa kwenye tovuti, basi.

Binti alikuwa amekusudia kwenda saiba mjini Litein siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Nikamzuia mimi. Nilimwambia, "Usipoteze nauli. Siku ya mwisho jioni sina darasa, njoo kwangu tuijaze pamoja. Intaneti ipo." Maneno hayo niliyatamka kwa kinywa changu, naomba msomaji ayakumbuke.

Walikuja saa kumi na moja jioni, yeye na nyanya yake. Kogo alikuwa na bahasha ya kaki aliyoizungushia karatasi ya nailoni kuikinga na mvua. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu na cheti cha kifo cha mwanawe. Mke wangu alipoleta chai, Kogo alisema "Kongoi", akaipokea kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa juu ya bahasha iliyokuwa mapajani mwake. Hakutaka kuiweka mezani.

Tulianza vyema. Jina, shule, idadi ya ndugu, chanzo cha mapato. Ilipokaribia saa kumi na mbili mawingu yalitanda, na mara mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati hata tukawa hatusikilizani. Kwetu hilo si ajabu. Ukanda huu wa Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kabisa, na katika miaka ya 1960 na 1970 mashamba makubwa ya chai yalifikia hatua ya kurusha roketi mawinguni, na baadaye kutumia ndege, katika majaribio ya kuipunguza. Umeme ulipotea ukarudi. Taa ya ruta ikageuka nyekundu, ikabaki nyekundu. Nikatoa simu ya mkononi ili nitumie mawimbi yake, nayo ikawa na kijiti kimoja, kisha haina hata kimoja. Nikaizima ruta nikaiwasha, nikaizima nikaiwasha, kama mganga anayerudia dawa ile ile. Binti alikuwa amekaa wima, mikono juu ya kibao cha kompyuta, akinitazama. Hakusema neno. Kogo aliuliza kwa Kikipsigis kama kazi imekwisha.

Saa mbili na nusu mvua ilipopungua nilimtia binti garini tukaenda Litein katika matope. Saiba zilikuwa zimefungwa isipokuwa moja, nayo ilijaa watoto wa watu wengine waliofikwa na jambo lile lile. Tulipata mashine saa nne na nusu. Ikabidi fomu ijazwe upya tangu mwanzo. Kitambulisho kilipanda, cheti cha kuzaliwa kikapanda, cheti cha kifo kikafika nusu kikasimama. Tukajaribu tena, kikasimama pale pale. Watu wote mle ndani walikuwa wakiuvuta uzi mmoja. Zilipobaki dakika kumi kufika saa sita, nilimwambia, "Bonyeza. Cheti hiki tutakipeleka baadaye." Akabonyeza.

Majibu yalipotoka, binti alikuwa amewekwa katika kundi la watu wenye uwezo kuliko wao, kana kwamba baba yake yu hai na anamlipia karo. Tulikata rufani, nayo ikachukua muhula mzima. Ili mjukuu asikose kuripoti chuoni, Kogo aliuza mtamba wake.

Kesho yake asubuhi, kabla hata sijayajua hayo ya baadaye, niliipigia simu kampuni yangu. Baada ya muziki wa dakika zipatazo kumi na tano nikapokewa na kijana mwenye adabu na Kiswahili safi, ambaye huenda alipitia katika darasa la mmoja wetu.

"Pole sana, Mwalimu, kwa usumbufu uliojitokeza," alisema. "Mtandao ulikatika."

"Ulikatwa na nani?"

"Haukukatwa, Mwalimu. Ulikatika."

"Na utarudi lini?"

"Linashughulikiwa."

Hapa naomba msomaji anivumilie nifanye kazi yangu kidogo. Kiswahili kina kauli ya kutenda: fundi amekata waya. Kina kauli ya kutendwa: waya umekatwa, na hapo mtu ana haki ya kuuliza umekatwa na nani, kwa maana kauli yenyewe imemwachia mtenda nafasi ya kutajwa. Kisha kuna kauli ya kutendeka: waya umekatika. Kauli hii ya tatu haimkubali mtenda kabisa. Huwezi kusema waya umekatika na fundi. Sikio la Mswahili litakataa. Ni kauli nzuri na ya lazima, kwa kuwa duniani kuna mambo yatendekayo bila mtu: tawi huvunjika, nguo huraruka. Lakini sikiliza jinsi wauzaji wa huduma wanavyoitumia. Mtandao umekatika, mfumo umeharibika, malipo hayakuonekana, laini haipatikani. Na pale ambapo lazima pawe na mtenda, hutafutwa kitenzi kinachojitenda chenyewe: usumbufu umejitokeza. Usumbufu ulivaa viatu, ukatoka nyumbani kwake, ukaja sebuleni kwangu! Linalobaki linashughulikiwa, nalo ni kutendwa, ila ukimwuliza kijana linashughulikiwa na nani, atakujibu kwamba ni na wahusika.

Mimi sina kauli hiyo ya kukimbilia. Mbele ya Kogo siwezi kusema kwamba maombi yalichelewa, wala kwamba cheti hakikupandika. Nilimzuia binti asiende saiba. Nilimwambia abonyeze. Vitenzi hivyo vina mtenda, na mtenda ni mimi. Ninachoitaka kampuni ifanye ni kuvitafuta vyake.

Wala havikuwa vigumu kuvipata. Siku ya nne fundi alifika, kijana mkweli kuliko barua zote za kampuni. Alisimama uani, akatazama upande wa mnara, akacheka. "Mwalimu," alisema, "shida yako ya kwanza ni ile miti." Baina ya nyumba yangu na mnara kuna shamba la mikaratusi. Viwanda vya chai hukausha majani kwa mvuke wa kuni, na mkaratusi ndio kuni zenyewe, ndiyo sababu kila mwenye kishamba huku hupanda michache kama akiba. Vijana walipolifunga dishi langu mwaka 2020, miche ile ilikuwa haijanifika magotini. Mwaka 2024 ilikuwa imelipita paa. Intaneti ya mnara husafiri kwa mawimbi ya redio yanayohitaji njia iliyonyooka, wazi, na majani mabichi huyameza, hasa yakiwa yamelowa. Mwenye miti ni jirani mwema ambaye hatakata mpaka ifike kimo cha kuuzwa, na simlaumu. Kampuni ilijua mahali mnara ulipo na ilijua mkaratusi hukua. Ingaliweza kuliinua dishi, kuligeuza, au kuja kutazama mara moja kwa mwaka.

Shida ya pili, akaeleza, ilikuwa betri za mnara, ambazo zimezeeka kiasi kwamba umeme ukipotea kwa muda mfupi tu mnara wote huzima. Ya tatu ni idadi yetu. Kila kilima kimeuziwa hadi kumi kutoka kwa mnara mmoja, jambo ambalo ni sawa na mwenye matatu ya watu kumi na wanne kuuza tikiti sitini, akitumaini kwamba abiria hawatatokea siku moja. Hutokea. Hutokea kila siku saa mbili za usiku. Nilimwuliza kama wakubwa wake wanayajua haya. "Wanayaona," alisema. "Kule ofisini kuna kioo kinachoonyesha kila nyumba. Kijani ukiwa mzima, nyekundu ukiwa umezima."

Sisemi kwamba kila kukatika kuna mwenye hatia. Mnamo Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea katika Afrika Mashariki nzima. Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa ikieleza nyaya zipi na mahali gani, nami nilisubiri bila kinyongo. Mtu akiambiwa ukweli huwa na subira kubwa ajabu. Lakini tukumbuke pia tulikotoka. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti. Waya wa TEAMS ulifika Mombasa Juni mwaka huo, Seacom ikaanza kazi Julai, EASSy ikafuata mwaka 2010. Faiba ya serikali imepita milima na mabonde ikafika kwenye makao makuu ya kaunti. Barua yangu huvuka bahari, ikapanda kutoka Mombasa mpaka Nairobi, ikateremka Bonde la Ufa ikapanda tena, yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha ikaja kukwama kwenye mkaratusi wa jirani, kilomita mbili kutoka mezani pangu. Umaskini wetu uko katika kilomita hizo mbili.

Wapo watakaoniambia nihame. Tangu Julai 2023 Starlink inauza huduma yake nchini, na katika baadhi ya mapaa ya huku nimeziona sahani zake zikitazama juu, mahali pale pale ambapo maputo hayakuonekana. Huenda nikahama. Lakini kuhama ni dawa ya mwenye fedha za kununua mitambo mara ya pili, na Kogo si mmoja wao. Wala sioni kwa nini mteja ndiye ahame ilhali aliyekosa ni muuzaji.

Linalohitajika, kwa maoni yangu, ni lile ambalo mama alilidai mbele ya karani. Tuna Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na kwa sheria hiyo maafisa huzikagua mizani za wafanyabiashara na kuzitia muhuri. Muuza duka wa Kapkatet akiandika kwenye pakiti ya sukari maneno hadi kilo moja, atalala ndani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidi alichonunua, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya kumlinda mtumiaji ilipitishwa mwaka 2012. Sheria basi hatukosi. Tunakosa mizani.

Muuzaji wa intaneti alazimishwe kuitaja sakafu pamoja na dari: kasi ambayo mteja hatashuka chini yake isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Kasi hiyo ipimwe sebuleni kwa mteja, si chini ya mnara, kama vile majani yanavyopimwa kituoni mbele ya mkulima. Mwisho wa mwezi iletwe risiti ya saa zilizopatikana na saa zilizokosekana, na zile zilizokosekana zitolewe katika malipo bila mteja kupiga magoti kwenye simu. Mimi nilipoomba kurudishiwa fedha za siku zangu, niliambiwa kwamba malipo hayarejeshwi. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa kwamba haiwezekani kujua kwa hakika nilikosa huduma kwa muda gani.

Nalikataa jibu hilo kwa ushahidi wao wenyewe. Kwanza, kuna kile kioo cha kijani na nyekundu. Pili, mwezi ukiisha nami sijalipa, huduma yangu huzimwa saa sita kamili za usiku, bila kukosea hata dakika. Mvua ya mawe haiwacheleweshi, mkaratusi hauwazuii, betri ya mnara haiwaangushi. Hapo mizani yao husoma barabara, na hapo, ajabu, hata sarufi yao hubadilika. Ujumbe unaonijia kwenye simu husema: tumeisimamisha huduma yako. Wametenda, na wamejitaja!

Nimeanza kuweka daftari. Kila taa inapogeuka nyekundu naandika saa, na inaporudi kijani naandika saa. Ni daftari la mistari, la shilingi chache, lililoning'inizwa kwa uzi pembeni mwa kabati, na mke wangu huliita kadi ya majani. Aprili iliyopita ilikuwa na siku tisa zenye wino mwekundu. Nililipiga picha nikaipelekea kampuni, wakanijibu kwa kunishukuru kwa maoni yangu. Nimewaomba majirani watano walio kwenye mnara ule ule waweke madaftari yao. Wawili wamekubali. Tukipata sita, tutayapeleka yote kwa pamoja kwa Mamlaka ya Mawasiliano, tuone kama yatapimika.

Binti yuko mwaka wa pili sasa. Rufani yake ilikubaliwa, ingawa mtamba haukurudi. Likizo akija husalimia kwa heshima kama zamani, akauliza habari za darasa na za mke wangu. Akiwa na jambo la mtandaoni hupanda gari la kwanza la asubuhi akaenda Litein. Hanibishii hodi tena kwa ajili ya intaneti, wala sijapata ujasiri wa kumwambia aje.

Juma lililopita simu yangu iliita. Ilikuwa sauti changamfu ya msichana wa kampuni, akinipa habari njema kwamba nimechaguliwa kupandishwa daraja: intaneti bila kikomo, hadi megabiti 30, kwa nyongeza ndogo tu ya malipo. Nikamwuliza, "Binti yangu, hiyo thelathini itapimiwa wapi, kwenu au kwangu?" Akasita. Nilimsikia akimnong'oneza mwenzake. Kisha simu ikakatika, au akaikata.